Biti za rangi ya dhahabu na methali niliyorushiwa dukani

Nimefanya useremala kwa zaidi ya miaka 20, na katika muda wote huo sijawahi kukasirishwa na kipande cha chuma kisichofika urefu wa kiganja changu kama nilivyokasirishwa na biti moja ya drili, ile ncha ya kutobolea, ya milimita 8, niliyoinunua siku fulani kabla ya mvua za masika katika duka moja la vifaa huko Gerezani, Kariakoo. Ilikuwa mojawapo ya zile zinazouzwa kwa boksi, zimepangwa kuanzia nyembamba hadi nene, zote zinang'aa kama bangili za bibi harusi. Nilivutwa na mng'ao huo, nalikiri mapema kabla sijakumbushwa na mtu.

Kazi iliyokuwa mbele yangu ilikuwa meza ya chakula ya mninga. Mteja, mama mmoja mstaafu, alileta mbao zake mwenyewe, zilizonunuliwa na marehemu mumewe zamani na kukaa stoo kwa miaka mingi zikikauka polepole, jambo ambalo siku hizi ni adimu kama mvua ya Januari pale Dodoma ikigoma. Zilitosha meza na si zaidi. Miguu yote minne ilitoka kwenye gogo moja la mraba, na baada ya kuikata hakikubaki kipande cha akiba ambacho ningeweza kuchongea hata mguu wa stuli. Nilikusudia kuunga miguu na mbao za pembeni kwa vijiti vya mviringo vya milimita 8, viwili kwa kila kiungo, pamoja na gundi.

Mninga si mbao ya kuchezea. Nyuzi zake hupishana, hapa laini, hatua moja mbele ngumu, na biti isiyo na kitu cha kuishikilia katikati huitafuta njia nyepesi na kuifuata. Kijana wangu wa kazi aliubana mguu wa tatu kwenye jiliwa, nikatia alama kwa ncha ya msumari, nikasimamisha drili. Biti ikazunguka juu ya ile alama kama mlevi anayetafuta tundu la ufunguo, kisha ikazama pembeni, karibu milimita 2 kutoka mahali nilipotaka. Nikaichomoa, nikaondoa unga, nikairudisha. Moshi ukatoka, na haukuwa na ile harufu tamu ya mninga ninayoipenda asubuhi karakana ikiwa bado kimya. Ulikuwa moshi mkali wa kitu kinachoungua. Nilipoichomoa mara ya pili, dhahabu ya pale nchani ilikuwa imegeuka bluu.

Hapo nilipaswa kuacha. Sikuacha, kwa sababu yule mama alikuwa ameshapiga simu mara mbili tangu asubuhi na nilikuwa nimeshamwahidi mara tatu. Nikaongeza mkono kidogo tu, na biti ikakatika kwa mlio mdogo, tak, kama njugu inayopasuliwa, kipande chake kikabaki ndani ya mguu wa meza, sentimita 3 chini.

Nilitumia muda wote uliobaki hadi alasiri kukifukua kwa patasi nyembamba. Tundu la milimita 8 likawa shimo ambalo kidole gumba kingeingia. Nikatafuta kishina cha mninga chenye nyuzi zinazoelekea upande uleule, nikakichonga, nikakigundisha, nikakisugua kwa msasa hadi mimi mwenyewe nikaanza kukisahau. Mama alipokuja alizunguka meza mara moja, akainama, akapitisha kidole juu ya kile kiraka, akauliza, "Fundi, hapa pana nini?" Nilimweleza ukweli na kumpunguzia bei. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza.

Siku iliyofuata nilirudi dukani na boksi zima pamoja na vile vipande viwili. Kijana aliyekuwa kaunta, ambaye kwa umri ningeweza kumzaa, hakuniamkia wala hakuyaondoa macho kwenye simu. Nikaviweka vipande juu ya kioo, nikamweleza kwa upole kabisa kilichotokea, tena nikasema kwamba sidai fedha, nataka tu nibadilishiwe. Akavitazama kwa mshangao wa mtu aliyewekewa mifupa ya samaki mezani, akasema, "Mzee, mchagua jembe si mkulima." Wenzake wawili waliokuwa wakihesabu bawaba nyuma wakacheka.

Sijui kama msomaji anaelewa uzito wa jambo hili. Methali ile huambiwa mvivu anayelikataa jembe ili asiende shambani. Mimi shamba nilishaingia, nikalima, na jembe ndilo lililobaki ardhini. Babu yangu, aliyekuwa fundi wa majahazi upande wa Kilwa, alitoboa kwa keekee ya uta kila mahali palipokusudiwa msumari kabla ya kupigilia, kwa kuwa ubao ukipasuka huko chini ya mkondo wa maji hakuna wa kumlalamikia. Ncha za keekee yake alizinoa mwenyewe kwa tupa, na ile asiyoiridhia aliitupa bila huruma. Alichagua jembe kila siku ya maisha yake na bado alilima. Ningemjibu hivyo kijana yule, lakini majibu mazuri huja mtu akiwa ameshapanda daladala.

Nilipotulia kidogo nilimwendea jirani yangu, fundi wa vyuma, nikampa ile ncha niliyoifukua. Akapitisha tupa juu yake, tupa ikang'ata kama inayopita kwenye msumari wa kawaida. Akanieleza kwamba bluu peke yake si ushahidi wa kutosha, kwani hata chuma kizuri hubadilika rangi kikipata moto. Lakini chuma cha kasi, kile ambacho herufi HSS (kifupi cha high-speed steel) zilizopigwa kwenye shina zinapaswa kukithibitisha, hubaki kigumu hata kikifika karibu nyuzijoto 600, wakati chuma cha kaboni cha kawaida hulegea ukali wake kabla hata ya nusu ya hapo. Herufi hizo zilikuwapo kwenye biti yangu, zimeandikwa vizuri na kwa kujiamini. Ile dhahabu nayo, hata inapokuwa ya kweli, ni utando wa mikroni chache tu juu ya chuma, na ukinoa ncha mara moja umeshauondoa mahali penye kazi. Chini ya kanga, aliye mwembamba ni mwembamba.

Sasa nije kwenye sehemu inayoniuma. Hata kama chuma kingekuwa halali, ncha ile ilikuwa ya kutobolea chuma, butu kama paa la nyumba ya chini, na kwa vijiti vya kuungia mninga nilipaswa kutumia biti ya mbao: ile yenye kijimsumari katikati kinachoingia kwanza kwenye alama na kuishikilia, na vikato viwili pembeni vinavyozichanja nyuzi kwa duara kabla tumbo la tundu halijanyanyuliwa. Najua hayo. Nimewafundisha vijana hayo. Biti yangu nzuri ya mbao ilikuwa imepotea, nikajiambia kwamba boksi jipya litanivusha kwa siku moja. Kwa hiyo kosa la mwanzo lilikuwa langu, na ningekuwa mtu wa haki ningepunguza ukali wa maneno haya.

Tena, kwa kusema kweli, zile nyembamba za boksi hilo, za milimita 2 hadi 4, ninazitumia hadi leo kutangulizia skrubu kwenye paini na hazijanisumbua. Paini ni laini, tundu ni fupi, chuma hakipati nafasi ya kupata moto. Kwa mtu anayetundika rafu nyumbani kwake mara mbili kwa mwaka, boksi lile lina thamani ya fedha yake, na nilikuwa tayari kuandika hivyo na kuishia hapo.

Lakini kila nikikumbuka kicheko cha wale wawili, nafuta. Mtu anayeuza vifaa vya kazi ana wajibu wa kuuliza swali moja, "Unatoboa nini?", na swali hilo sikuulizwa siku ya kununua wala siku ya kurudisha. Msinunue boksi lile. Nunueni biti mojamoja, na kabla ya kulipa muizungushe kila moja juu ya kioo cha kaunta mkiitazama ncha: iliyopinda itaonekana inachezacheza hata kama macho hayakuona kitu mlipoishika. Elekezeni vile vikato viwili kwenye mwanga mhakikishe vinalingana, kwani kikizidi kimoja tundu huwa pana kuliko namba iliyoandikwa. Muuzaji akinung'unika kwamba mnamchafulia kioo, mwambieni ndiyo, tunachagua jembe.

Niseme na hili, ingawa halinipi raha. Nilizunguka Gerezani na mitaa ya karibu nikitafuta biti ya mbao ya milimita 8 yenye kijimsumari kilichonyooka, na mahali pekee nilipoipata, ikiwa imara, ya rangi ya kijivu isiyovutia, ni kwenye rafu ya nyuma ya duka lilelile. Niliiona nikiwa nimesimama barabarani. Sikuingia. Nilimpa kijana wangu fedha nikamsubiri kivulini, akarudi na mbili badala ya moja, akisema amepunguziwa bei baada ya kuzizungusha kwenye kioo. Sikumuuliza aliyemhudumia ni nani. Tangu hapo nimetoboa mninga, mkongo na hata kipande kidogo cha mpingo, na ya kwanza haijahitaji tupa.