Kuzeekea Jinja: uzoefu wangu wa vibali, mihuri na neno "mtegemezi"

Nilifundisha Kiswahili miaka 33 katika shule za sekondari za magharibi mwa Kenya, nikastaafu Desemba 2022 nikiwa na umri wa miaka 60. Mama watoto alikuwa ametangulia mbele ya haki miaka minne kabla. Nyumba ikawa kimya mno. Binti yangu wa pili ana kazi ya kiwandani Jinja, Uganda, kwa kibali halali, na ndiye aliyenipigia simu: "Baba, unakaa huko unazungumza na kuku. Njoo wajukuu wakujue." Machi 2023 nikafunga virago.

Tangu hapo walimu wenzangu waliostaafu hawaachi kuniuliza: je, kweli mtu wa Afrika Mashariki anaweza kuhamia Uganda akapumzika huko bila kusumbuana na karatasi? Nitaeleza nilivyopitia mimi mwenyewe.

Kuingia hakuna shida. Kenya, Uganda na Rwanda zinaruhusu raia wao kuvuka kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Pale mpakani Busia, tangu kituo cha pamoja kizinduliwe rasmi 2018, hupangi foleni mbili: unavuka kwa miguu hadi upande wa Uganda, unamkuta afisa wa Kenya na wa Uganda chini ya paa moja. Mimi nashauri pasipoti, si kitambulisho, kama nia yako ni kukaa. Kila karatasi utakayoomba baadaye itauliza ukurasa wenye muhuri wa kuingia. Na usisahau kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Visa hulipi. Kanuni za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinaruhusu raia wa nchi mwanachama apewe ruhusa ya kukaa hadi miezi sita. Soma neno "hadi" vizuri. Mimi sikulisoma, nikapiga hesabu ya miezi sita kichwani, kumbe afisa alikuwa ameandika kwa kalamu mwezi mmoja pungufu chini ya muhuri. Ni mjukuu wangu wa darasa la tano aliyeichukua pasipoti mezani akaniuliza, "Babu, hii tarehe si ni wiki ijayo?"

Nikafanya wanavyofanya wengi. Nikapanda matatu asubuhi, nikavuka, nikanywa chai upande wa Kenya, nikarudi nimegongewa muhuri mpya. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu afisa aliifunua pasipoti polepole, ukurasa baada ya ukurasa, kisha akaniangalia.

"Mzee wangu, unatembelea Uganda ama unaishi Uganda?"

"Natembelea wajukuu."

"Matembezi ya mwaka mzima, mzee?"

Hakuwa mkali, na alinigongea. Lakini nilirudi Jinja nimeinamisha kichwa kwenye gari. Mtu aliyewafundisha watoto wa watu kusema kweli miaka 33 anasimama dirishani anasema nusu ya kweli. Hapo niliamua kutafuta njia iliyonyooka.

Nilianza kwa kusoma Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, ile iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Tuliipokea kwa shangwe, mimi niliwaeleza wanafunzi wangu kuwa mipaka sasa ni mistari ya ramani tu. Kumbe kifungu cha 14, kinachozungumzia haki ya ukaazi, kinawataja watu wa aina mbili: aliyeingia kama mfanyakazi chini ya kifungu cha 10, na aliyeingia kujiajiri au kufungua biashara chini ya kifungu cha 13. Pamoja nao wamo mwenzi, watoto na wategemezi wao. Mstaafu hayumo. Nilirudia kukisoma mara tatu nikidhani nimeruka mstari. Nikifanya kazi Jinja nina haki ya kuishi Jinja. Nikimaliza kazi nikataka kupumzika, mimi ni mgeni wa miezi sita.

Vibali vya Uganda navyo nikavipitia. Kisheria vinaitwa vibali vya kuingia, ingawa mtaani ni vibali vya kazi, na vimepangwa kwa herufi: kuna vya serikali, vya kilimo, vya madini, vya biashara, vya viwanda, vya wataalamu, vya wamisionari na watu wa kujitolea, na vya walioajiriwa. Mzee mwenye pensheni yake na redio yake hana herufi. Majirani wametuandikia angalau kitu. Tanzania inawataja wastaafu ndani ya kibali cha ukaazi cha daraja C. Kwetu Kenya kuna daraja K, la mtu wa miaka 35 na zaidi asiyefanya kazi, mwenye kipato cha uhakika kisichopungua dola 24,000 kwa mwaka. Hiyo ni dola 2,000 kila mwezi. Pensheni yangu mimi haifiki hata robo yake, na sidhani kuna mwalimu wa rika langu wa Afrika Mashariki anayeifikia. Lakini angalau mlango upo, unaweza kuupima upana wake.

Kabla sijapata njia, nusura niliwe. Jamaa mmoja, nadhifu, ana faili mkononi, alitambulishwa kwangu kama anayejua watu. Akasema atanitolea cheti cha ukaazi cha maisha kwa wiki mbili, nitoe nusu ya pesa taslimu. Nilimwuliza swali moja tu: namba ya malipo iko wapi? Ada za uhamiaji Uganda hulipwa benki kwa namba ya malipo inayotoka kwenye mfumo wa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, baada ya kujaza maombi. Hakuna namba, hakuna ada. Aliniambia, "Mzee, hiyo ndiyo njia ndefu." Nikamshukuru, nikamsindikiza hadi kwenye lango. Tafadhali shikeni hilo la namba, wenzangu. Wastaafu tunawindwa kwa sababu ya kiinua mgongo.

Njia niliyoipata ni pasi ya mtegemezi, nikiegemea kibali cha binti yangu. Maombi yanajazwa mtandaoni kwenye mfumo wa idara ya uhamiaji, unapakia nyaraka zako, na ukikubaliwa unakwenda kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Mimi nilikwenda makao makuu, Jinja Road, Kampala. Niliweka pasipoti yangu na nakala ya kibali cha binti, barua yake ya kunibeba, cheti chake cha kuzaliwa chenye jina langu kama baba, na cheti changu cha tabia njema kutoka Kenya, kilichonigharimu shilingi 1,050 za Kenya. Maombi ya kwanza yalirudishwa kwa kosa langu: cheti cha kuzaliwa cha 1988 nilikipiga picha kwa simu usiku, maandishi hayasomeki. Nenda duka la kompyuta wakuskanie vizuri. Ada sizitaji hapa kwa sababu hubadilika, ziangalie siku unayoomba.

Nikaongeza na barua ya LC1, yaani baraza la mtaa. Nikiulizwa karatasi gani ilinipa moyo, ni hiyo. Mwenyekiti wetu hapa Walukuba ni mama wa makamo, ofisi yake ni meza ya mbao chini ya mwembe. Walukuba ilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda vya Jinja, enzi za bwawa la Owen Falls lililofunguliwa 1954, wakaja watu wa kila kabila, wakiwemo wa kwetu Kenya, kwa hiyo Kiswahili hapa si cha kuombwa. Aliniuliza nyumba namba ngapi, nani jirani wa kulia, nani wa kushoto. Akaandika kwa mkono, taratibu, kwamba mzee huyu anakaa kwetu, tunamjua, hana neno na mtu. Akachovya muhuri kwenye wino wa zambarau, akaupulizia ukauke. "Sasa wewe ni wetu, Mwalimu." Nilishindwa kujibu kwa muda.

Pasi ilitoka. Ninayo. Muda wake unafuata kibali cha binti yangu. Na nisiwafiche, lile neno liliniuma. Mtegemezi. Huyu mtoto nilimbeba mgongoni kwenda kliniki, nikakopa kumlipia chuo, leo mimi ndiye nimeandikwa chini ya jina lake. Yeye alicheka, akasema, "Baba, ni karatasi tu." Kwake ni karatasi. Kwangu ni kwamba Jumuiya yetu imeandika jina la kila mwenye nguvu za kufanya kazi, na mzee aliyekwisha kuzitumia nguvu zake hajaandikiwa jina lake mwenyewe. Nitaendelea kulisema hili kwa mbunge yeyote wa Afrika Mashariki nitakayemfikia.

Jambo la kazi lilinijia pia. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda kikatiba tangu 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Walimu hawatoshi. Shule moja ya jirani ikanitaka vipindi vitatu kwa wiki, kwa posho. Moyo ulinidunda! Lakini pasi ya mtegemezi si kibali cha kazi. Uganda ilishawaondolea Wakenya ada ya kibali cha kazi, ila kibali chenyewe ni lazima kiombwe. Nimekataa posho. Jioni watoto wa ua wetu hukaa barazani tukasoma methali, na hilo hakuna anayelipa.

Ardhi usiikimbilie. Asiye raia hawezi kumiliki hapa zaidi ya ukodishaji usiozidi miaka 99, ni sheria ya ardhi ya 1998, na ukodishaji wa miaka mitano au zaidi lazima uandikishwe. Nimeonyeshwa viwanja vizuri vinavyotazama Nile, kwa "makubaliano ya kijiji". Nimebaki na chumba na sebule kwenye ua wa binti, shilingi 250,000 za Uganda kwa mwezi.

Kuhusu matibabu, jipange. Uganda haina bima ya afya ya taifa, na SHA, bima yetu ya afya ya Kenya, ni ya hospitali za nyumbani. Dawa zangu za presha nanunua za miezi mitatu nikienda Bungoma, na nimetenga akiba ya gari la kunirudisha nikizidiwa.

Kibali cha binti kinaisha Agosti mwakani. Mkataba wake ukiongezwa, tunaomba upya wote wawili, na vyeti nimeshavipanga kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati. Akihamishiwa kwingine, nafungasha. Mama mwenyekiti nimeshamweleza. Amesema mwembe upo, na wino anao.