Mjenzi, msingi na sakafu ya mbao: uchague nini, na kwa mpangilio upi

Sakafu ya mbao ikivimba na kunyanyuka katikati ya chumba, wa kwanza kulaumiwa ni fundi wa mbao. Mara nyingi chanzo kiko chini zaidi: nailoni ya kuzuia unyevu iliyotobolewa na koleo siku ya kumwaga jamvi, yaani zege la sakafu, kifusi ambacho hakikushindiliwa, au nyumba iliyokaa chini kuliko uwanja wake. Anayejenga Dar es Salaam, Pwani au Tanga na anataka mbao ndani, basi, achague mambo matatu kwa pamoja: nani ajenge, nyumba ikae juu ya nini, na mbao zipi. Tumepanga kuanzia chaguo bora hadi la kuepuka, kwa nyumba ya vyumba vitatu au vinne isiyo ya ghorofa. Kigezo chetu ni kimoja: kosa gani halirekebishiki bila kubomoa.

Nani ajenge

Nafasi ya kwanza ni mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, akisimamiwa na mhandisi unayemlipa wewe. Makandarasi wa majengo wamepangwa katika madaraja saba, na kila daraja, isipokuwa la kwanza, lina ukomo wa thamani ya kazi. Kwa nyumba ya familia wa madaraja ya chini anatosha. Wa juu atakutoza gharama za ofisi yake kubwa. Usiridhike na nakala ya cheti, tafuta jina lake mwenyewe kwenye orodha ya Bodi. Mhandisi naye awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na asiwe mtu aliyeletwa na mkandarasi.

Ya pili ndiyo njia ya wengi: fundi mkuu analipwa ufundi, vifaa unanunua mwenyewe. Njia hii ni nzuri kuliko inavyosemwa, mradi mhandisi afike saiti kwenye hatua zinazofunikwa: mitaro ikishachimbwa, nondo zikishafungwa, nailoni ikishatandazwa, na mkanda wa lenta, ule wa juu ya milango na madirisha, kabla ya zege. Bila ziara hizo, pesa uliyookoa kwa kumkwepa mkandarasi haina maana.

Ya tatu ni kampuni inayochora, kununua na kujenga, kisha inakukabidhi funguo. Aliye Muscat au London huipenda kwa sababu anaongea na mtu mmoja tu. Shida ni kwamba mkaguzi na mkaguliwa wanakula sahani moja. Ukiichagua, mhandisi wako wa nje abaki palepale.

Ya mwisho ni makubaliano ya mdomo na fundi bila michoro ya nondo. Hata akiwa fundi hodari, siku mkipishana hakuna karatasi ya kurejea.

Kuna swali moja linalomchuja mjenzi yeyote. Muulize: jamvi la mita 10 kwa 12, unene wa milimita 100, litakula mifuko mingapi ya saruji kwa mchanganyiko wa 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne? Zege hilo ni mita za ujazo 12, na kila mita ya ujazo inataka mifuko takriban 6.4 ya kilo 50. Jibu ni kama 77, na wa kweli ataongeza kidogo kwa upotevu. Anayekuambia 50 amepanga kukupa zege dhaifu, au hajawahi kupiga hesabu. Wote wawili waache.

Malipo yaende kwa hatua iliyokamilika na kukaguliwa: msingi, boma, paa, umaliziaji. Bakiza asilimia 5 hadi 10 kwa miezi sita baada ya kukabidhiwa, ili msimu mmoja wa mvua upite juu ya nyumba.

Msingi

Kabla ya kuchagua aina, chimba mashimo mawili au matatu kwenye pembe tofauti za kiwanja, mita moja na nusu kwenda chini. Usimwingize mtu kwenye shimo la mchanga mkavu, kuta zake huporomoka. Chukua udongo wa chini, ulowanishe, uviringishe kiganjani. Ukitoa kamba nyembamba ya milimita 3 isiyokatika, huo ni mfinyanzi. Tazama pia kiwanja wakati wa kiangazi: ardhi ikipasuka nyufa zinazoingiza vidole, udongo huo hutanuka ukilowa na kusinyaa ukikauka. Kibaha inajulikana kwa nyumba zilizopasuka kwa sababu hiyo, na udongo mweusi wa mbuga wa Kanda ya Ziwa una tabia ileile. Hapo usipange kwa macho, mpe mhandisi sampuli zipimwe.

Kwenye mchanga ulioshikana au udongo mwekundu mgumu, chaguo la kwanza ni msingi wa mkanda: mtaro wa upana wa sentimita 60, zege la chini la sentimita 15 hadi 20, tofali za kulaza hadi juu ya ardhi, kisha mkanda wa zege wenye nondo unaozunguka nyumba yote chini ya jamvi. Mkanda huo ndio unaofunga nyumba. Fundi akikuambia "hapa hauhitajiki", muulize mhandisi, siyo jirani.

Palipo na mawe ya kutosha, kama Mwanza, au matumbawe pwani, msingi wa mawe unashika nafasi ya pili, na mara nyingine ni nafuu kuliko tofali. Mawe yafungamane kwa kupishana, na mashimo yajazwe mchanganyiko wa mchanga na saruji, siyo vipande vikavu.

Rafti, yaani jamvi nene lenye nondo linalobeba nyumba nzima, inapanda hadi nafasi ya kwanza kwenye udongo laini au usiofanana upande huu na ule. Inakula nondo na zege nyingi, kwa hiyo usiinunue kwa hofu tu. Nguzo zenye vitako, yaani kila nguzo na zege lake pana chini, pamoja na mihimili ya chini, ni za ghorofa na viwanja vya mteremko. Tofali tupu bila mkanda tumeziweka mwisho kabisa. Ufa unaoanzia kona ya dirisha na kushuka kwa mshazari mara nyingi ni matunda yake.

Sasa tukae kidogo kwenye siku ya jamvi, kwa sababu hatima ya mbao zako huamuliwa siku hiyo. Kifusi kishindiliwe kwa matabaka ya sentimita 15, kila tabaka likilowanishwa kidogo. Dawa ya mchwa ipulizwe juu yake kwa kipimo cha lebo, na pembeni mwa kuta ndani kwa ndani. Juu mwage mchanga laini, kisha nailoni nzito ya mikroni 250; maungio yapishane sentimita 30 na yabandikwe kwa utepe. Wavu wa nondo uinuliwe kwa biskuti za zege, vile vipande vidogo vinavyowekwa chini yake. Ukilala juu ya nailoni haufanyi kazi yoyote, na ncha zake huitoboa. Toroli zipite juu ya mbao, siyo juu ya nailoni. Uso wa jamvi uwe angalau sentimita 45 juu ya uwanja.

Kuchanganya ni kwa ndoo. Mfuko mmoja wa saruji ni kama lita 35, hivyo kwa 1:2:4 unataka ndoo tatu na nusu za lita 20 za mchanga, ndoo saba za kokoto, na maji lita 25 hivi, pungufu mchanga ukiwa umelowa. Vibarua hupenda zege jepesi linalotiririka, na ndipo nguvu inapopotea. Kisha mwagilia siku saba bila kuruka.

Nondo zipime kwa mizani. Ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inatakiwa ikaribie kilo 10.7, ya milimita 10 kilo 7.4. Ikiwa pungufu sana, rudisha mzigo kabla haujashushwa.

Sakafu ya mbao

Jamvi la milimita 100 linataka miezi minne hivi kukauka kabla ya mbao. Lijaribu: bandika nailoni ya sentimita 45 kwa 45 kwa utepe pande zote, iache usiku kucha hadi kesho yake. Ukikuta matone chini yake au zege limebadilika rangi, subiri.

Kwa ukanda wa pwani tunaweka kwanza vipande vyembamba vya mninga, upana usiozidi milimita 70, vilivyogundishwa moja kwa moja kwenye jamvi. Mninga husinyaa kidogo sana kuliko mbao nyingi ngumu, na kipande chembamba hakipindi kama ubao mpana. Mkongo na mvule ziko karibu yake. Mtiki wa mashamba ya Longuza au Kilombero tungeuweka sawa nazo, ila mti wa shamba uliovunwa mchanga una sehemu kubwa nyeupe ya pembeni. Geuza kila kipande. Moyo wa kahawia huhimili mchwa, pembe nyeupe ni chakula chao.

Mbao za tabaka, zenye ganda la mbao ngumu juu na tabaka zilizopishana chini, ni chaguo la pili, na la kwanza kwa chumba chenye kiyoyozi muda wote. Ganda liwe milimita 3 au 4. Likiwa jembamba kuliko hapo hutaweza kulipiga msasa upya.

Lamineti ni picha ya mbao juu ya unga wa mbao ulioshinikizwa. Chumbani inafaa. Karibu na jikoni, maji yakiingia kwenye maungio, kingo huvimba na hazirudi. Sakafu ya paini tunaiweka mwisho: ni laini, na bila dawa mchwa huimaliza.

Muuzaji yeyote atakuambia mbao zake ni kavu. Mwombe kipande, kipime, kiweke kwenye oveni nyuzi 103 hadi uzito usishuke tena. Gramu 120 zikishuka hadi 105, unyevu ni 15 ukigawa kwa 105, yaani asilimia 14, ambayo kwa Dar inafaa. Dodoma ni pakavu zaidi, kwa hiyo dai pungufu. Asilimia 20 na kuendelea, usichukue popote. Dai pia risiti na hati ya usafirishaji kutoka Wakala wa Huduma za Misitu. Mninga usio na hati unaweza kukamatwa ukiwa njiani kwenda kwako.

Zikifika, zipange ndani ya nyumba wiki mbili madirisha yakiwa yameshawekwa, zikitenganishwa na vijiti hewa ipite. Wakati wa kubandika, acha milimita 10 kati ya mbao na ukuta pande zote, pafunikwe na skatingi, yaani ubao mwembamba wa chini ya ukuta, unaopigiliwa ukutani, siyo sakafuni. Nunua ziada ya asilimia 10, na mabaki yatunze uvunguni, kwa sababu mbao za mzigo mwingine hazitalingana rangi siku ya kubadilisha kipande.