Darasa la ESL ngazi ya kati Marekani: linafaa nani na linakwama wapi

Wakongomani, Warundi, Wakenya na Watanzania wengi wanaohamia Marekani hupitia madarasa ya umma ya ESL, yaani Kiingereza kama lugha ya pili, yale ya jioni au asubuhi kwenye chuo cha jamii (community college), shule ya sekondari ya mtaa au maktaba. Hapa tunatathmini ngazi ya kati peke yake. Ngazi za mwanzo hazina mjadala, kwani aliyeingia hajui kitu atatoka na kitu. Ngazi ya kati ndiko watu wanakokaa mwaka mzima, wakati mwingine miwili, halafu wanaacha kimya kimya.

Tuseme mapema: darasa hili lina thamani, hasa kwa kuwa sehemu nyingi ni la bure au la ada ndogo. Lakini linalipa ukiwekwa ngazi inayokufaa, na mazoezi ya kuongea na kuandika mara nyingi itabidi uyadai mwenyewe.

Sababu iko kwenye fedha. Serikali kuu hupeleka fedha majimboni chini ya WIOA, sheria ya mwaka 2014 ya mafunzo ya kazi na elimu ya watu wazima, na shule inatakiwa ioneshe kwa mtihani kwamba wanafunzi wanapanda. Wanafunzi wa ESL wamegawanywa katika ngazi 6, ya kati ikiwa ni ya 4 na ya 5. Mtihani unaotumika sana ni CASAS, wa kusoma na kusikiliza, majibu ya kuchagua. Kwa kawaida unaurudia baada ya saa zisizopungua 40 za darasani. Darasa la siku 2 kwa wiki, saa 2 na nusu kila siku, linafika hapo baada ya wiki 8. Likiwa la saa 2, wiki 10. Utachagua herufi kwenye tableti, hutaandika aya hata moja na hutafungua mdomo. Mwalimu anayebanwa na matokeo naye atafundisha kile kinachopimwa: kusoma ratiba ya basi, karatasi ya mshahara, tangazo la nyumba ya kupanga, maelezo ya chupa ya dawa. Vyote vinafaa, ila havikufundishi kumweleza bosi kwa nini mashine imesimama. Shule chache hutumia BEST Plus, mtihani wa mahojiano ana kwa ana. Ukiwa na shule mbili karibu na nyumbani na moja inautumia huo, anzia hapo.

Kosa kubwa kuliko yote hutokea siku ya kupangiwa darasa, na wasemaji wa Kiswahili huliangukia kwa njia mbili zinazopingana. Mtu wa Bukavu au Goma aliyesoma hadi sekondari kwa Kifaransa anapewa karatasi ya kusoma, na nusu ya maneno anayajua kwa macho. Alama zinapanda, anatupwa ngazi ya 5, mwalimu akianza kuongea haambulii kitu. Aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma au Nyarugusu na masomo yake yakakatika-katika yuko upande wa pili. Anaongea bila taabu, anasoma polepole, anawekwa na wanaojifunza siku za wiki. Dawa ni moja kwa wote wawili: omba mtihani wa kusikiliza pamoja na wa kusoma, usikubali kupangwa kwa kimoja. Usibahatishe majibu usiyoyajua, maana bahati itakupeleka darasa lisilo lako. Halafu sema ndani ya wiki ya kwanza kama umewekwa pabaya. Wiki ya kwanza kuhamishwa ni jambo jepesi. Ya tano, viti vimejaa.

Darasa lenyewe likoje? Kipindi kizuri cha saa 2 na nusu kina dakika kama 15 za kurudia ya jana, kisha sarufi mpya, kisha mazoezi ya wawili wawili, kusikiliza, na aya fupi ya kuandika mwishoni. Angalia hiyo aya. Mwalimu anayeichukua nyumbani na kuirudisha na alama za kalamu ni wa kushikilia. Anayesema "isomeni kwa mwenzako" na kufunga kipindi, aya zako zitabaki na makosa yaleyale mpaka mwisho wa muhula.

Sarufi ya ngazi hii ni nyakati zilizochanganyika, sentensi za masharti, na vitenzi vya maneno mawili. Kitabu hakikuandikwa kwa ajili ya Mswahili, kwa hiyo mwalimu hawezi kujua mapema wewe utajikwaa wapi. Mambo manne hujirudia karibu kwa kila mmoja wetu.

La kwanza ni -me-. Sisi tunasema "nimefika jana" bila tatizo, tukihamisha tunapata "I have arrived yesterday", na Kiingereza hakikubali. Ukitaja wakati uliokwisha, kama jana, saa 2 au mwaka 2019, tumia wakati uliopita wa kawaida: "I arrived yesterday". Kanuni hiyo peke yake inaondoa makosa mengi sana kwenye aya.

La pili ni namba. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na tukiikaza hivyo "fifteen" inafanana kabisa na "fifty". Ndipo mtu anapofika kliniki saa tatu na dakika hamsini wakati miadi ilikuwa saa tatu na dakika kumi na tano. Kwenye 15 kaza silabi ya mwisho na uirefushe. Kwenye 50 kaza ya kwanza. Kwenye simu usitegemee sikio, rudia tarakimu mojamoja: "one five".

La tatu ni irabu tunayoichomeka mwisho wa neno. "Worked" ni silabi moja tu, inaishia kwa sauti ya t, wala si "woki-edi". Silabi huongezeka pale tu kitenzi chenyewe kinapoishia na sauti ya t au d, kama "wanted" na "needed".

La nne ni "can" na "can't". Mmarekani hatamki ile t ya mwisho vizuri, kwa hiyo kuisubiri ni kupoteza muda. Sikiliza irabu: ikiwa hafifu, karibu imemezwa, anakubali, ikiwa nzito na ndefu, anakataa. Kazini tofauti hiyo inaweza kukugharimu shifti nzima.

Kwa waliopitia Kifaransa kuna nyongeza: "assist" si kuhudhuria, na "demand" si kuomba. Ukimwambia bosi "I demand a day off" utapata jibu usilolipenda.

Kabla ya kujiandikisha uliza swali moja: je, wanafunzi wapya huingia wakati wowote? Kwenye darasa la mlango wazi kila Jumatatu kuna sura mpya, na mwalimu anarudi nyuma kuwangojea. Sura ile ile ya kitabu inaweza kuchukua mwezi. Kwa mtu wa ngazi ya kati huo ni mzigo. Darasa linalofunga uandikishaji baada ya wiki ya kwanza au ya pili husonga mbele, ila lina masharti makali ya mahudhurio, na kiti cha mtoro hupewa aliye kwenye orodha ya kusubiri. Mwenye kazi ya kiwandani ambaye shifti yake hubadilika ataweza mlango wazi tu, na hapo ajaribu kupata darasa la asubuhi, ambalo mara nyingi lina saa nyingi zaidi kwa wiki.

Madarasa ya Zoom tunayapa alama ya wastani. Kusikiliza na sarufi vinakwenda. Matamshi yanadorora, kwa kuwa mwalimu haoni mdomo wako vizuri na nusu ya darasa wamezima maikrofoni. Ukiwa na simu peke yake, kuandika aya juu ya kioo kidogo ni mateso. Tumia daftari, piga picha, tuma.

Ukishapanda hadi ngazi ya 5 na kupita mtihani mara mbili, usirudie kitabu kilekile kwa sababu mwalimu ni mpole. Uliza ofisini kama kuna kozi inayounganisha Kiingereza na fani, kama uuguzi msaidizi au udereva wa malori, au kozi ya uandishi ya kuingilia chuo. Vyuo vingi vya jamii vinazo, na sehemu kubwa ya wanafunzi wa ESL hawaambiwi mpaka waulize.

Mihula mikuu huanza Agosti au Septemba na Januari. Wa kiangazi ni mfupi na baadhi ya shule huufuta. Nenda wiki kadhaa kabla, na kitambulisho chenye picha, barua yenye anwani yako, na saa moja au mbili za kukaa kwenye mtihani. Miwani pia, kama unaivaa.