Sola ya pikapu ya kulala: uzoefu wangu Mombasa

Pikapu yangu ina kibanda cha kulala nyuma, na friji, feni, taa na simu zote zinategemea sola. Nimeridhika nayo, ila si kwa sababu alizonipa muuzaji.

Dukani swali la kwanza huwa "wataka wati ngapi?" Mimi nilianzia kwenye friji, maana ndiyo mlaji mkubwa. Ya volti 12 hula kama wati 45 kompresa ikinguruma, na kwa joto la kaskazi haipumziki sana. Piga nusu ya siku, saa 12: wati-saa 540. Tia feni ya usiku na vidogo vidogo, unakaribia 750. Paneli ya wati 200 iliyolala bapa, kwa jua letu, hurudisha kama wati-saa 700 siku ikiwa safi. Pengo hilo dogo betri hulibeba. Kuiinamisha paneli sikuhangaika nako. Huku jua la mchana liko utosini karibu mwaka mzima.

Muuzaji alinisukumia zile nyembamba zinazopinda. "Ami, hii wabandika kwa gundi tu, kazi imekwisha." Nikakataa. Paneli ikipata joto hupungua nguvu, kama asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja juu ya 25, na bati la gari saa saba mchana hata kiganja hulivumilii. Ukiibandika, joto litatokea wapi? Nikachukua ya kioo yenye fremu, fundi wa Changamwe akaiinulia mabano ya alumini, pakabaki upenyo wa vidole vinne wa kupitisha upepo. Ubaya wake ni mluzi. Ukishapita Mariakani na gari limechanganya, yapiga kelele hadi redio haisikiki.

Betri ndiyo iliyonitoa jasho kwa bei. Ni lithiamu ya LiFePO4, ampea-saa 100, kilo kama 12, na karibu chaji yake yote yatumika. Ya asidi ya ukubwa huo ina karibu kilo 30, na ukipita nusu waifupishia maisha. Kontrola, yaani kile kifaa kinachoongoza chaji kutoka kwenye paneli hadi betri, ni ya MPPT, aina inayoikamua paneli vizuri zaidi. Hakikisha ina mpangilio wa lithiamu, na fyuzi ikae karibu na betri.

Kinachonikera hadi leo ni kivuli. Tukiwa Diani, kuti moja la mnazi likaangukia pembe ya paneli, na kwenye kioo cha kontrola nikaona wati 140 zikishuka hadi thelathini na kitu. Kuti moja! Mama watoto ataka gari likae chini ya mwarobaini ili kibanda kisiwe tanuri, paneli yataka uwanja mtupu. Suluhu tuliyoipata ni paneli ya pili ya kukunja yenye waya mrefu: gari kivulini, yenyewe juani. Lakini yataka mtu wa kuichunga, tumbili wa kule hawana adabu.

Ukilaza gari karibu na bahari, osha kioo kwa maji yasiyo na chumvi na upake grisi kwenye viungio, chumvi huvila upesi. Na kama wasafiri masika, Aprili na Mei, paneli pekee haitakufikisha. Weka chaja ya kuvuta umeme wa alteneta injini ikiwa inaunguruma. Yangu fundi ataifunga kabla ya mvua.