Kabati la kulishia mbwa: miezi saba baadaye

Picha ndiyo iliyoniponza. Mbao nyeupe, mabakuli mawili ya stenlesi yamezamishwa juu, droo ya chakula chini, na pembeni amekaa mbwa msafi kuliko watoto wangu. Nikaona nimeagana na sinia na ndoo nilizokuwa nikijikwaa nazo kila alfajiri.

Nina mbwa wawili. Bosi ana kilo 36 na hula kama anayefukuzwa. Pili hafiki kilo 9, naye hula punje mojamoja huku akichungulia dirishani. Kabati lina kimo cha sentimita 38. Pili alilizunguka mara mbili, akanitazama, akaenda kulala.

Kwa Bosi kimo kilionekana sawa, na boksi lenyewe lilidai kwamba bakuli likiinuliwa huzuia tumbo kujaa gesi. Nilipomtajia daktari wa mifugo, alitikisa kichwa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue uliochapishwa mwaka 2000 ulikuta kinyume: kwa mbwa wa aina kubwa, bakuli la juu liliambatana na hatari zaidi ya tumbo kuvimba na kujisokota, na kula kwa pupa vilevile. Wataalamu hawajakubaliana wote juu ya hilo, lakini tumbo likijisokota mbwa anaweza kufa ndani ya saa chache, na mimi ndiye mwenye Bosi. Bakuli la juu, alisema daktari, humfaa zaidi mbwa mzee anayeumwa shingo au viungo, au mwenye tatizo la umio. Nikachukua msumeno, nikakata miguu hadi kabati likakaribia kugusa sakafu. Ubao wa ndani haukupakwa rangi, kwa hiyo sasa lina soksi za kahawia.

Maji ni kisa kingine. Mbwa huhitaji takriban mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, yaani Bosi peke yake ni kama lita mbili. Bakuli lililokuja hapa ni la lita moja, na tundu halipokei kubwa zaidi. Halafu Bosi hanywi, anapiga makasia. Ukingo wa matundu haukuzibwa, maji yakaingia kwenye plaiwudi, na mwezi wa pili uso wa kabati ukavimba kama mkate. Silikoni ilisaidia, ila hiyo ilikuwa kazi ya kiwandani, si yangu.

Maelekezo yanasema liwekwe kwenye kona. Nilifanya hivyo, mgongo wa Bosi ukaelekea mlangoni, na siku ya nne akamngurumia mwanangu aliyekuwa anapita tu. Hajawahi kufanya hivyo kabla. Nilipolihamishia ukutani, mahali asipopitwa nyuma na anapomwona kila anayeingia, ngurumo zikaisha. Pili sasa anakula chumba kingine, mlango umefungwa, bakuli chini kwenye mkeka wa mpira. Dakika kumi na tano, kisha naondoa.

Mazuri yapo. Ni zito, halisogei hata Bosi akilisukuma kwa kifua. Mabakuli yanachomoka kwa mkono mmoja, nayaosha kwa sabuni kila baada ya mlo. Yale yangu ya plastiki yalikuwa na mikwaruzo iliyoshika utelezi usiotoka.

Droo inateleza vizuri sana, lakini haina mpira wa kuziba. Ukimimina chakula humo, mafuta yake yanachacha na sisimizi wanakaribishwa. Mimi naacha chakula ndani ya mfuko wake, mfuko ndani ya debe lenye kifuniko, kwa sababu namba ya toleo iko kwenye mfuko, na kampuni ikiondoa bidhaa sokoni kwa kasoro hiyo ndiyo utakayoulizwa.

Nyota tatu kati ya tano. Moja ni ya mabakuli, moja ya uzito. Ya tatu ni ya droo, ambayo sasa inatunza kamba, taulo na brashi ya Pili.