Mkaa mbadala: nimeupikia mwezi mzima

Napika chakula cha kuuza hapa Moshi, jirani na stendi. Alfajiri chai na chapati, mchana wali maharage, na mtori kwa wanaoujua. Mwezi uliopita niliacha mkaa wa miti, nikahamia mkaa mbadala, ule unaoshindiliwa kwa vumbi la mkaa, maganda ya kahawa na uji wa muhogo. Nimemaliza mifuko miwili ya kilo kumi, kila mmoja shilingi 9,000.

Kwa maharage nausifia bila kusita. Nilipanga vipande kumi na viwili kwenye jiko la udongo, nikawashia kwa mkaa wa kawaida kiganja kimoja, nikaliacha nje mpaka moshi ukakata. Dakika ishirini hivi. Saa moja asubuhi nikabandika. Saa nne maharage yameiva, nimeshaunga, na moto ukabaki wa kuchemshia maji ya wali. Mkaa wa miti ningeuongeza mara mbili. Ila usiuchokoe. Kipande kinaungua na umbo lake, kijivu kwa nje, ndani chekundu. Ukikigonga kinameguka, jivu linaziba matundu na moto unafifia.

Chapati haziuwezi. Zinataka moto wa kupandisha na kushusha, na abiria wa basi la alfajiri hasubiri dakika ishirini. Hizo napikia gesi, lakini kujaza mtungi mdogo kunanitoa zaidi ya elfu ishirini kwa mkupuo, kwa hiyo gesi ya kuchemshia maharage sina.

Mfuko wa pili ulinikera. Moshi ulikataa kukata, macho yakawasha, wateja wakahama meza. Nikavunja kipande: katikati kibichi, kinanyongeka kama udongo wa kufinyanga. Jivu lake lilitoka jekundu, na mimi jivu jekundu naliona ni udongo uliozidishwa. Nikaupeleka mzigo uliobaki kwa muuza nyama tukaupima. Hata ukijumlisha nilivyochoma, zile kilo kumi zilipungua karibu kilo nzima. Mfukoni hamna uzito ulioandikwa, hamna alama ya TBS, shirika la viwango, hamna namba ya simu ya aliyeutengeneza. Nikamlalamikie nani?

Hapo ndipo ninapotaka wabunge wetu wasikie kabla hawajaketi Dodoma kwa Bunge la bajeti mwezi Aprili. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia. Lengo naliunga mkono kwa moyo wote, maana mkaa wa gunia ni miti iliyokatwa, na watu wa chini ya mlima huu maji yetu yanategemea msitu ule wa juu. Lakini habari za nishati safi ninazozisikia karibu zote ni za mtungi. Naomba na huu mkaa wa mama lishe utengewe fungu: vijana wanaoushindilia wapate mashine na mahali pa kuukaushia, TBS ifike kwao, Wakala wa Vipimo wapite na mizani madukani kwetu. Hilo liwe la kwanza. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, katazo lilifika mpaka kwenye meza za soko letu la Mbuyuni, na wiki ile ile tukabeba vikapu. Linawezekana.

Jambo moja zito: usiupikie chumba kilichofungwa, wala usiingize jiko ndani kuota moto usiku wa baridi ya Julai. Hata usipotoa moshi, hewa yake inaua kama ya mkaa wowote.

Jana nimenunua mfuko wa tatu, kwa muuzaji mwingine. Nilivunja kipande kwanza, kikalia kwa ukavu, ndipo nikatoa hela. Leo uko chini ya makande.