TAHADHARI: Huyu "sajini" anayerekebisha DD-214 kwenye makundi yetu ya WhatsApp ni tapeli

Ndugu zangu mlioko Marekani, hasa mliovaa magwanda ya nchi hii, naomba msome hata kama ni ndefu. Kuna mtu anazunguka kwenye makundi yetu ya WhatsApp, anajiita sajini mstaafu, anasema ndani ya siku kumi anarekebisha DD-214, ile karatasi ya utumishi unayopewa ukiondoka jeshini, na "kurudisha medali zilizopotea". Anaongea Kiswahili cha pwani, kile kinachokulegeza kabla hujauliza swali. Kanila dola 480. Hela ningeweza kuinyamazia kwa aibu, kama wengine walivyonyamaza. Kinachonifanya niandike ni kile alichonipa baada ya kula hela.

Niliingia jeshini 2013 kwa MAVNI, ule mpango ulioanza 2009 wa kuchukua wageni wenye viza na lugha zinazohitajika, Kiswahili kikiwemo. 2014 nilikaa Kandahar miezi minane, kwenye stoo ya vipuri vya magari. 2017 nikaondoka. Siku ya mwisho karani kanisogezea karatasi, kaniambia kagua halafu saini. Nje rafiki yangu ananisubiri na gari limewashwa. Nilikagua jina na tarehe ya kuzaliwa, nikasaini, nikaondoka. Wengi wenu mlifanya hivyohivyo, msijifanye.

Miaka ikapita. Mwaka jana nikaomba kazi Posta. Wanaofanya Posta wanajua kwamba askari wa zamani anaongezewa pointi 5 kwenye alama za mtihani, ila lazima uwe na sifa. Waliotumikia zaidi ya siku 180 mfululizo, na sehemu ya siku hizo ikaangukia kati ya Septemba 2001 na Agosti 31, 2010, wanazipata kwa tarehe tu. Sisi tulioingia baadaye tunahitaji mambo mengine, na mojawapo ni medali ya kampeni, ile wanayopewa waliotumikia kwenye vita fulani, ionekane kwenye DD-214. Wakanijibu kwamba yangu haionyeshi. Nikaitoa kwenye bahasha, kwa mara ya kwanza nikasoma kisanduku cha 13, panapoorodheshwa medali na beji. Medali ya Kampeni ya Afghanistan haipo. Medali ya Pongezi ya Jeshi, ambayo kamanda alinibandika kifuani mwenyewe watu wakiona, nayo haipo.

Nikaenda kulalamika kwenye kundi. Kosa la kwanza. Haikupita saa moja, ujumbe wa faragha: "Mdogo wangu, pole. Hayo ndiyo mambo yangu."

Nikampigia. Akaniuliza kikosi, akataja majina ya kambi, akacheka pale pale ambapo askari angecheka. Kisha akanipa hadithi ya moto. Akasema kituo cha kumbukumbu za jeshi kule St. Louis, Missouri, kiliungua, mafaili ya mamilioni yakateketea, ndiyo maana medali zangu hazionekani, lakini yeye ana mtu ndani mwenye nakala.

Moto huo ni wa kweli, na hapo ndipo utamu wa uongo wake ulipo. Ulizuka Julai 12, 1973, ghorofa ya juu, ukaunguza mafaili kati ya milioni 16 na 18. Kwa Jeshi la Nchi Kavu, takriban asilimia 80 ya mafaili ya walioondoka kati ya Novemba 1, 1912 na Januari 1, 1960 yalipotea. Mimi nimeondoka 2017! 1973 mama yangu alikuwa bado anavaa sare za shule. Faili langu halijawahi kuwa karatasi ya kuungua, liko kwenye kompyuta. Lakini ukishakuwa na shida, akili inakaa pembeni inakutazama. Nikawa naitikia tu, "Ehee, kumbe."

Dola 300 za kuanzia kwa Zelle, ile njia ya kutumiana hela benki kwa benki kwa simu. Akaomba picha ya DD-214 yote, pande zote. Siku ya sita akaomba 180 za "kuharakisha". Siku ya tisa akanitumia faili kwenye barua pepe: DD-214 mpya, safi, yenye saini yangu.

Nikafurahi. Niliifungua kwenye simu nikiwa kwenye foleni ya kununua chakula, nikaona Medali ya Kampeni ya Afghanistan imekaa pale kwenye 13, nikamtumia sauti ya shukrani ya dakika nzima. Ile sauti bado anayo, Mungu anisaidie.

Usiku nikaifungua kwenye kompyuta. Herufi za kisanduku cha 13 zilikuwa nyembamba kuliko za visanduku vingine, na mstari wa mwisho ulikuwa umeupanda kidogo mpaka wa kisanduku cha 14, kama kiraka kilichoshonwa na mtoto. Kisha nikaona jina la medali ya kwanza: Nyota ya Shaba, ile Bronze Star ya waliofanya makubwa vitani. Sijawahi kupewa Nyota ya Shaba, mimi niliyekuwa nahesabu filta za mafuta. Alikuwa ameniwekea zawadi. Na ile Medali ya Pongezi niliyoistahili hakuiweka kabisa. Ukurasa wa kuomba kazi Posta ulikuwa wazi kwenye dirisha la pembeni, nimeshaandika nusu.

Kama ningeipakia ile karatasi, mshitakiwa angekuwa mimi, yeye hayumo. Sheria ya shirikisho, kifungu cha 498 cha sura ya 18, inasema anayeghushi au kubadilisha cheti cha kuondoka jeshini, au anayekitumia huku akijua ni cha kughushi, anaweza kutozwa faini au kufungwa hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Sisi wengine uraia wetu tuliupata kwa hilihili jeshi. Fikiria unavyoanza kumweleza mpelelezi kwamba "nilimlipa kaka mmoja wa WhatsApp".

Nilipomuuliza kuhusu Nyota ya Shaba aliniambia nimlipe 250 za muhuri ndipo "system ikubali". Nilipokataa akanifungia.

Jumatatu nikaenda ofisi ya kaunti inayohudumia askari wa zamani. Kaunti nyingi huku zina ofisi hiyo na hailipishi chochote. Mama mmoja wa makamo, miwani imening'inia shingoni kwa kamba, akaitandaza mezani DD-214 yangu ya awali, ile halali. Hakuongea. Alichukua kalamu yenye kifuniko, akaanza kushuka nayo kisanduku kwa kisanduku mpaka 18, panapoandikwa maelezo ya ziada. Akagonga mara mbili. Pale pameandikwa kwamba nilitumikia Afghanistan, na tarehe ya kuingia na ya kutoka.

"Umewahi kusoma hapa?" akaniuliza.

Medali ya Kampeni ya Afghanistan inataka siku 30 mfululizo, au 60 za kuungaunga. Mimi nina miezi minane, imeandikwa na jeshi lenyewe, kwenye karatasi ileile iliyoisahau medali. Ushahidi niliomlipa mtu dola 480 akautafute ulikuwa visanduku vitano chini ya kosa.

Kwa hiyo mwenye shida kama yangu afanye hivi. Kosa la wazi la kikarani halihitaji wakili wala "mtu wa ndani". Unaandika ombi, unaambatisha ushahidi, na jeshi likikubali linatoa DD-215, ambayo ni karatasi ya masahihisho inayokaa pamoja na DD-214 yako. Ndiyo maana mtu akikuletea DD-214 nyingine iliyochapwa upya ndani ya siku kumi, shtuka. Nakala ya faili lako unaiomba bure kwa fomu SF-180 au mtandaoni kwa eVetRecs, tovuti ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa. Ombi langu lilishughulikiwa Fort Knox, Kentucky, kwa kuwa ni wa nchi kavu na nimeondoka juzijuzi. Jambo likiwa zito, au ukikataliwa, kuna bodi ya kusahihisha kumbukumbu, fomu yake ni DD-149. Muda ni miaka mitatu tangu ulipogundua kosa, lakini bodi ina ruhusa ya kuusamehe ucheleweshaji kwa ajili ya haki, kwa hiyo usikate tamaa kwa kuwa umechelewa. Fomu hiyo nayo ni bure.

Kwa Medali ya Pongezi kisanduku cha 18 hakikunisaidia. Ile inahitaji amri iliyoitoa, na cheti chake kina namba ya amri hiyo. Cheti changu kiko wapi? Makorora, Tanga, ukutani kwa mama, kwenye fremu, kati ya kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi na picha ya harusi ya dada. Nilimtumia 2015 apate cha kuwaonyesha majirani. Mdogo wangu alipanda kwenye stuli akakipiga picha, ya kwanza ikaja na mwanga wa taa juu ya namba, ya pili ikaja safi. Mama akasema kikiguswa tena nimwambie kwanza.

DD-215 yangu imefika baada ya miezi mitano. Gharama ilikuwa stempu.

Sasa kuna wazee. Huyu mtu hawabagui. Babu wa mke wangu, Mmarekani mweusi, alipigana Korea, na kwa yeye ule moto ni habari halisi: faili lake lilikuwa kwenye zile asilimia 80. Mjukuu mmoja aliona namba ya "sajini" kwenye kundi letu akampa babu. Babu akaambiwa ipo nakala ya siri, dola 900. Sikilizeni: mafaili yale hayakuwa na nakala, hayakuwa yamepigwa picha za filamu, na hata orodha kamili ya yaliyokuwemo haikuwepo. Anayekuuzia nakala ya faili lililoungua anakuuzia moshi. Kinachofanyika kule St. Louis ni kuijenga upya historia ya mtu kutoka vyanzo vingine, kama hati za malipo ya mwisho na taarifa za kila siku za kikosi, na ukiwa na karatasi zako mwenyewe za zamani unawarahisishia. Babu anayo DD-214 yake ya enzi hizo, imekunjwa mara nne ndani ya Biblia.

Na kuna medali nyingine ambayo haikupotea popote. Korea Kusini ilitoa medali yake ya vita kwa wanajeshi waliokwenda kuisaidia, lakini Marekani iliruhusu askari wake waipokee mwaka 1999. Karatasi ya babu ya 1954 ingeijuaje? "Sajini" alimwambia babu kwamba kuna mtu "aliifuta kwa ubaguzi". Mzee aliyeonja ubaguzi wa kweli maisha yake yote, kumgusa hapo ni unyama. Tulimkuta ameshashika simu ya kutuma hela.

Nisiwadanganye pia, kuna ada moja halali. Askari akishatimiza miaka 62 tangu aondoke jeshini, faili lake linakuwa nyaraka ya taifa na nakala zake zinalipiwa: dola 25 likiwa na kurasa 5 au pungufu, dola 70 likizidi. Unailipa Hifadhi yenyewe, hakuna Zelle ya mtu.

Kama ulishamtumia picha ya DD-214, usihesabu hela tu. Mle ndani mna jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, anwani, na mara nyingi namba ya hifadhi ya jamii. Mimi nilipata barua ya kadi ya mkopo ambayo sikuiomba wiki tatu baadaye. Funga taarifa zako za mkopo (credit freeze), mtu asikope kwa jina lako, kwenye kampuni zinazozitunza: Equifax, Experian na TransUnion, zote tatu, moja haitoshi. Ni bure kwa sheria tangu 2018. Ripoti wizi wa utambulisho IdentityTheft.gov. Benki nilipigia pia. Wakaniambia hela niliituma kwa hiari yangu, basi.

Namba yake ya zamani haipatikani. Tangu Ijumaa ameingia kundi la Houston kwa namba ya Georgia, jina jingine, picha ya mtu mwenye sare ya gwaride ambaye uso umekatwa kidogo juu ya kidevu. Ukiikuza utaona begani ana alama za sajini na kwenye kola ana za ofisa. Bado anaanza na "Mdogo wangu, pole." Mliomlipa, nitumieni risiti za Zelle kwenye faragha, hata kama ni dola 50. Tuko wanne sasa, na ripoti yetu ya pamoja naipeleka Alhamisi.